Vipepeo wa Tanzania kwenye tovuti: jina kwanza, nukta baadaye

Data za wadudu zipo nyingi, na ni za bure. GBIF, mtandao wa kimataifa wa taarifa za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye sekretarieti yake mjini Copenhagen, una rekodi zaidi ya bilioni 2 za viumbe kutoka makumbusho, vyuo vikuu na watu wa kawaida wanaopiga picha kwa simu. Tanzania imo kupitia TanBIF, tawi lake la nchini lililo chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiwa na kompyuta ya kawaida na intaneti ya kuungaunga, si kazi ngumu kutengeneza ukurasa kwa kila spishi ya kipepeo iliyorekodiwa nchini. Ugumu ni kwamba kurasa hizo zitazaliwa na makosa. Makosa hayo yana vyanzo vinavyojulikana, na yanazuilika ukijenga tovuti ambayo msomaji akiona nukta kwenye ramani anaweza kufuata njia mpaka kwenye droo ya makumbusho au picha iliyoizaa.

Mfano wetu ni vipepeo wa Tanzania. Wadudu waliokwisha kupewa majina duniani ni takriban milioni 1, na anayetaka kuwaanza wote kwa pamoja atakwama kwenye nyigu wadogo na nzi ambao hata mtaalamu hawatambui mpaka awapasue chini ya hadubini. Vipepeo wametafitiwa kwa muda mrefu, wengi wanatambulika kwa picha, na idadi yao inabebeka. Ukishaweza kuwapanga hao, kereng'ende na panzi watafuata mfumo uleule.

Uti wa mgongo ni majina

Kuna vitu viwili ambavyo wajenzi wengi huvichanganya tangu mwanzo. Kimoja ni orodha ya majina: spishi ipi inakubalika, iko jenasi gani, familia gani, na majina gani ya zamani yanaelekea kwake. Kingine ni rekodi: mdudu fulani, mahali fulani, tarehe fulani, kwa ushahidi fulani. Majina hubadilika kila wataalamu wanapobadili maoni. Rekodi haibadiliki, sampuli iliyokusanywa Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1905 inabaki ya Amani na ya 1905, hata jina lake likigeuzwa mara nne. Kwa hiyo majina yakae kwenye jedwali lake na rekodi kwenye lake, na rekodi ihifadhi jina lake kama lilivyoandikwa na mtunzaji, sambamba na jina lililokubaliwa sasa.

Orodha ya majina unaweza kuipata Catalogue of Life, orodha ya spishi za dunia nzima, ambayo hupakuliwa kupitia tovuti ya ChecklistBank kwa leseni ya CC BY (itumie, mradi utaje chanzo), au utumie uainishaji wa GBIF yenyewe. Chagua moja iwe uti wa mgongo, andika toleo na tarehe yake, na usichanganye. Jenasi ya Acraea inaonyesha kwa nini. Wapo wataalamu wanaoiacha ikiwa kubwa, na wapo wanaoigawa, ndipo sehemu yake huitwa Telchinia. Ukichota nusu ya orodha huku na nusu kule, mdudu mmoja atakuwa na kurasa mbili, *Acraea encedon* na *Telchinia encedon*, picha ziko huku, ramani iko kule, na hakuna msomaji atakayeona zote.

Kila jina unalolipata mahali pengine lilinganishe na uti wa mgongo. GBIF ina huduma ya kulinganisha kwenye API yake, yaani njia ya programu kuuliza data moja kwa moja:

`https://api.gbif.org/v1/species/match?name=Danaus%20chrysippus&kingdom=Animalia`

Hilo neno `kingdom=Animalia` usiliache. Kanuni za majina ya wanyama na za mimea zinajitegemea, hivyo jenasi mbili zinaweza kuitwa jina moja bila kosa lolote: *Pieris* ni kipepeo na pia ni kichaka cha maua, *Iris* ni vunjajungu na pia ni ua. Bila kutaja himaya, siku moja ukurasa wa vunjajungu utapambwa na picha za maua.

Jibu likirudi, soma `matchType` kabla ya kitu kingine. EXACT maana yake jina limepatikana lilivyo. FUZZY maana yake limekaribiana, kwa kawaida kwa sababu ya herufi iliyoruka au mwisho wa jina uliobadilika spishi ilipohamishwa jenasi. Hayo yapitiwe kwa macho, moja baada ya jingine. NONE haina madhara, unajua hujapata. Hatari iko kwenye HIGHERRANK. Hapo huduma haikuiona spishi, ikakupa namba ya jenasi au ya familia badala yake. Programu isiyoangalia `matchType` huipokea namba hiyo kwa furaha, na kuanzia hapo ukurasa wa spishi moja unabeba picha na nukta za jenasi nzima. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Ukurasa unapendeza kuliko yote kwa wingi wa data, na wote ni uongo.

Pili, angalia `status`. Ikiwa SYNONYM, jina ni kisawe, yaani jina jingine la spishi ileile, na namba ya kutumia ni ile ya `acceptedUsageKey`, si `usageKey`. Usikitupe kisawe. Mtu aliyesoma kitabu cha miaka ya 1960 atatafuta jina la wakati huo, na tovuti yako imfikishe panapohusika.

Mabano kwenye majina ya waandishi, yaani waliozipa spishi majina, nayo yana kazi. *Papilio demodocus* Esper, 1798 haina mabano kwa kuwa Esper mwenyewe aliiweka kwenye Papilio na bado ipo humo. *Danaus chrysippus* (Linnaeus, 1758) ina mabano kwa kuwa Linnaeus aliiita Papilio, ikahamishwa baadaye. Programu nyingi za kusafisha maandishi hufuta mabano zikidhani ni uchafu. Weka mwandishi na mwaka kwenye safu yake, pamoja na mabano yake, na uyaache hivyo.

Utakutana pia na majina yasiyo majina, mfano BOLD: ikifuatiwa na herufi na tarakimu. Hayo ni makundi yaliyotengwa kwa vinasaba, bado hayana jina la Kilatini. Ukiwa umeandika programu inayotegemea maneno mawili, jenasi na spishi, itaanguka hapo. Yape cheo chake kwenye jedwali na uyaonyeshe kwenye ukurasa wa jenasi au familia.

Kupata orodha bila kupakua kila kitu

Kabla ya kupakua rekodi, omba hesabu. Ngeli ya wadudu kwenye uainishaji wa GBIF uliozoeleka ni namba 216, na oda ya Lepidoptera, yenye vipepeo na nondo, ni 797. Ombi hili linakupa namba za spishi zote za oda hiyo zilizorekodiwa Tanzania, na idadi ya rekodi za kila moja, bila kuvuta rekodi hata moja:

`https://api.gbif.org/v1/occurrence/search?taxonKey=797&country=TZ&occurrenceStatus=PRESENT&facet=speciesKey&facetLimit=1000&limit=0`

Ongeza `facetOffset` kupata kurasa zinazofuata, kisha bakiza familia za vipepeo: Papilionidae, Pieridae, Nymphalidae, Lycaenidae, Riodinidae na Hesperiidae. Sharti la `occurrenceStatus=PRESENT` ni muhimu, kwa sababu GBIF huhifadhi pia rekodi za kutokuwepo, yaani mtu alitafuta na hakumkuta. Bila chujio hilo, mahali alipokosekana panageuka mahali alipoonekana.

Namba hizi ni za mfumo mmoja wa uainishaji, na mifumo hubadilishwa. Weka namba yako mwenyewe ya ndani kwa kila spishi, na ya GBIF iwe safu ya pembeni.

Rekodi zenyewe usizivute kwa utafutaji wa kawaida. Huduma hiyo inatoa 300 kwa ombi na inagota rekodi 100,000, na ukiharakisha maombi utapewa jibu namba 429, yaani punguza mwendo. Fungua akaunti, agiza upakuaji, subiri barua pepe. Unachopata ni faili la zip lenye DOI yake, yaani namba ya kudumu ya kulirejelea, na hiyo DOI ndiyo utakayoitaja kwenye tovuti ili wenye data wapate haki yao.

Faili la aina rahisi huitwa CSV, lakini safu zake zimetenganishwa kwa tab, si kwa mkato. Ndani yake mna alama za nukuu zilizofunguliwa bila kufungwa, hasa kwenye maelezo ya mahali, na msomaji wa kawaida wa CSV akikutana na moja humeza mistari mingi inayofuata akiidhani ni sehemu ya sentensi ileile. Kwenye Python, ukitumia pandas, soma kwa `sep="\t", quoting=3, dtype=str`, kisha linganisha idadi ya mistari na ile iliyotajwa kwenye ukurasa wa upakuaji. Ikipungua hata kwa 1, kuna kitu kimemezwa. Usilifungue kwa Excel na kulihifadhi tena. Hubadilisha tarehe kwa utashi wake, na ikifika mstari wa 1,048,576 hukata.

Nukta zilizopotea

Kituo cha Amani, Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na wadudu wengi wa zamani wa Tanzania walioko Ulaya wana lebo ya huko. Amani iko karibu na latitudo −5.1 na longitudo 38.6. Alama ya kutoa ikidondoka wakati wa kuingiza data, kipepeo wa msitu wa Usambara anahamia kusini mwa Ethiopia. Namba zikibadilishana nafasi, anatua Hispania. Safu zote mbili zikiwa 0, anaelea baharini katika Ghuba ya Guinea.

GBIF hukagua haya na kuweka alama kwenye safu ya `issue`. Lakini ukaguzi wake unategemea jina la nchi. Rekodi ikiwa imeandikwa Tanzania na nukta iko Ethiopia, mgongano unaonekana. Rekodi isiyo na jina la nchi hupewa nchi kutokana na koordineti zake, na hapo chujio lako la `country=TZ` halitaiona kamwe. Kwa spishi zinazojulikana kuishi Tanzania peke yake, tafuta bila chujio la nchi uone nukta gani zimeangukia nje.

Kwa Tanzania kuna ukaguzi mwepesi: latitudo lazima iwe kati ya −0.9 na −11.8, longitudo kati ya 29.3 na 40.5. Masafa hayo hayagusani na latitudo yote ni hasi, kwa hiyo namba zilizobadilishana au zilizopoteza alama ya kutoa hujitaja zenyewe. Kwa alama ya kutoa, Kenya haina bahati hiyo, kwa kuwa ikweta inaikata. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako wakulima wa mradi wa Kipepeo hufuga viluwiluwi vya vipepeo kwa ajili ya kuuza nje, uko karibu na −3.3 na 39.9. Ondoa alama ya kutoa na nukta bado iko Kenya, ila kaskazini kwenye nyika karibu na mpaka wa Ethiopia. Mashine haitalalamika. Anayeujua mdudu ndiye atakayeshtuka kuona kipepeo wa msitu wa pwani jangwani, na kwa sababu hiyo kila ramani inahitaji jicho la mtu kabla ya kuwekwa hewani.

Lebo za zamani zina tatizo jingine. Afrika Mashariki ya Kijerumani ilijumuisha Rwanda na Burundi za leo, kwa hiyo lebo yenye maneno Deutsch-Ostafrika tu haiwezi kuhesabiwa Tanzania. Na lebo ya "Usambara" haisemi kama ni Mashariki au Magharibi. Rekodi kama hiyo ikipewa koordineti, mara nyingi ni za katikati ya eneo zima, au hata katikati ya nchi, nazo zinaonekana sahihi kabisa zikiwa na desimali zake nne. Safu ya kuangalia ni `coordinateUncertaintyInMeters`. Napendelea kanuni hii: chini ya mita 5,000, weka nukta, kati ya hapo na 50,000, chora duara, zaidi ya hapo, iandike kwenye jedwali bila kuichora. Safu ikiwa tupu, usichukulie kwamba maana yake ni sifuri.

Tambua pia nukta zilizofichwa kwa makusudi. iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, huficha mahali pa spishi zilizo hatarini kwa kuweka nukta popote ndani ya mraba wa digrii 0.2, karibu kilomita 22 kila upande. Usijaribu kukisia mahali halisi. Imefichwa ili wakusanyaji wasiende kumaliza.

Tarehe nazo zina mtego wake. Sampuli inayojulikana mwaka tu mara nyingi imeingizwa kama Januari 1. Ukichora chati ya miezi bila kuziondoa, kila spishi itaonekana kuruka zaidi Januari.

Picha ya nani, na ni ya nani kweli

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya kutumia muda mwingi, ningechagua picha. Msomaji hasomi `issue`. Anaangalia picha na kuamini.

*Danaus chrysippus* ana sumu anayoitoa kwenye mimea aliyokula akiwa kiwavi, na ndege humkwepa. Jike la *Hypolimnas misippus* halina sumu hiyo, na limemwiga hata watu huyachanganya kila siku. Tazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne kuelekea katikati, Hypolimnas kwa kawaida ana moja, kwenye ukingo wa mbele. Halafu Danaus mwenyewe, hapa Afrika Mashariki, ana sura zaidi ya moja: aliye na ncha nyeusi yenye mkanda mweupe kwenye bawa la mbele, asiye na ncha hiyo, aitwaye dorippus, na mwenye bawa jeupe la nyuma, aitwaye alcippus. Hypolimnas anaziiga sura hizo pia. Ukurasa wa spishi hii wenye picha moja unapotosha hata kama picha ni sahihi. Weka angalau moja kwa kila sura, na maelezo ya doa la kuangalia. *Papilio dardanus* anahitaji nafasi kubwa zaidi, maana dume ni mmoja wa manjano mwenye mkia, na majike yana sura nyingi, kila moja ikimwiga kipepeo mwingine.

Rekodi za iNaturalist zinazofika GBIF zimepita kiwango cha utafiti, yaani zaidi ya theluthi mbili ya waliotambua wamekubaliana. Hicho ni kizuizi kizuri, lakini watu wawili wanaweza kukubaliana kwenye kosa. Picha kuu ya kila ukurasa ichaguliwe na mtu anayejua, si na programu inayochukua ya kwanza.

Leseni ya rekodi si leseni ya picha. GBIF inakubali CC0 (huru kabisa), CC BY (taja chanzo) na CC BY-NC (taja chanzo, na isiwe kwa biashara) kwa data. Picha iliyoambatanishwa inaweza kuwa na masharti yake, yaliyoandikwa kwenye faili la `multimedia.txt` ukipakua kwa mfumo wa Darwin Core, muundo wa pamoja wa data za bioanuwai. Leseni ya kawaida ya iNaturalist ni CC BY-NC, hivyo tovuti yenye matangazo ya biashara isiziguse hizo bila ruhusa ya mpigapicha. Hifadhi vitu vinne kwa kila picha: mpigapicha, leseni, mwenye haki, na kiungo cha ukurasa wa asili. Vionekane chini ya picha yenyewe, si kwenye ukurasa wa shukrani usiofunguliwa na mtu.

Kuipanga tovuti

SQLite, hifadhidata ya faili moja, inatosha. Jedwali la `taxon` liwe na namba, jina, mwandishi, cheo, hali na namba ya mzazi. Mti mzima kuanzia oda hadi nususpishi unapatikana kwa ombi moja la `WITH RECURSIVE`. Majedwali mengine ni ya visawe, rekodi, picha, majina ya kienyeji na masahihisho. Kutoka hapo zalisha kurasa za HTML tuli. Hazihitaji seva yenye nguvu, na zinafunguka kwenye simu yenye mtandao dhaifu.

Usipakie maelfu ya alama kwenye ramani ya ukurasa mmoja. Zikusanye kwenye miraba ya digrii 0.1, kama kilomita 11 kwa hapa karibu na ikweta, uonyeshe idadi, mwaka wa kwanza na wa mwisho. Tofautisha kwa rangi sampuli za makumbusho na picha. Msomaji ataona mwenyewe kwamba nukta za picha zimefuata barabara, hifadhi na hoteli, na kwamba mraba mtupu mara nyingi ni mahali ambapo hakuna aliyefika na kamera. Liandike hilo chini ya ramani kwa maneno ya wazi.

Majina ya Kiswahili kwenye data za kimataifa ni machache mno, na hapa tovuti yetu inaweza kutoa kitu ambacho hakipo kwingine. Yafungamanishe na cheo kinachostahili. Senene wa ukanda wa Ziwa Victoria ni spishi, *Ruspolia differens*. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, ni *Spodoptera frugiperda*. Mbung'o ni jenasi nzima ya *Glossina*. Usilazimishe jina jipya kwa kila spishi ili safu ijae. Andika jina lililopo, lugha yake, mkoa linakosemwa, na aliyelitoa.

Sasisha mara mbili kwa mwaka. Kila mara pakua upya, linganisha orodha mpya na ya zamani, na spishi iliyogeuzwa kisawe anwani yake ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa 301, msimbo wa anwani iliyohama, isifutwe.

Makosa utakayoyagundua usiyarekebishe ndani ya rekodi. Jedwali la masahihisho libebe namba ya rekodi, kilichobadilishwa, sababu, na tarehe; programu ilitumie wakati wa kuzalisha kurasa, data ghafi ibaki ilivyofika. Kisha mpelekee mwenye data: ukurasa wa kila rekodi GBIF una njia ya kutuma maoni, na iNaturalist unaweza kuweka utambuzi wako hapohapo. Mtunzaji akirekebisha, upakuaji unaofuata utakuja ukiwa safi. Hapo programu ikuonyeshe masahihisho yasiyohitajika tena, uyafute.